Shimo Lililokosa Mgeni Rasmi

Nchi ninayoisimulia ina jina zuri sana, ila sheria yake inamtaka kila anayelitaja asimame wima na kuweka kiganja kifuani, nami naandika nimekaa kwa sababu ya mgongo. Basi tutaiita nchi tu. Anayeona nimeikosea heshima asimame alitaje yeye.

Ilikuwa nchi ya waungwana, na uungwana wao ulisimama juu ya desturi moja: kitu hakikuwapo mpaka kizinduliwe. Daraja lingeweza kukamilika, lami ikakauka na kingo zikapakwa rangi, lakini kama mgeni rasmi hajakata utepe, watu walipita chini yake majini, viatu mkononi, na hakuna aliyenung'unika. Shule ya wasichana ya mji mkuu ilikaa miaka na madawati mapya yamefungiwa ndani, wasichana wakisomea nje kwenye kivuli cha ukuta, wakimsubiri waziri apone mguu. Hata mtoto mchanga hakuhesabiwa kuwa amezaliwa mpaka balozi wa mtaa aje amkatie utepe. Waliokufa kabla balozi hajapata nafasi hawakuingia katika takwimu za vifo, na kwa ajili hiyo Wizara ya Afya ilikwisha kupata nishani mbili kutoka ng'ambo.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke aitwaye Nyamizi Kapera, mtaalamu wa vijidudu vya maji katika Wizara ya Maji, Usafi na Shukrani. Kazi yake ilikuwa kujua uchafu ulioko mtoni umetoka tumboni mwa nani. Si kwa jina, la hasha, bali kwa jamii: vijidudu vya tumbo la ng'ombe vina alama zake, vya bata vina zake, vya binadamu vina zake, na mwenye vifaa na subira anaweza kuvitenganisha. Vifaa alikuwa navyo nusu. Subira alikuwa nayo yote, na ndiyo iliyomponza.

Alizaliwa Bondeni, mtaa wa mwisho kabisa kando ya Mto Fadhila kabla haujaingia vinamasini na kuishia baharini. Kila alichotupa mtu wa juu, wa Bondeni alikipokea. Mama yake, Bi Kabula, aliuza uji na maandazi penye kivuko, na uji wake haukumdhuru mtu kwa kuwa ulichemka. Maji ya kunywa ndiyo yaliyoua. Kuni zilikuwa ghali, na watu walichagua kati ya kuchemsha maji na kusonga ugali. Tumbo likishakuuma njaa utachagua nini? Kila masika kuhara kulishuka mtaani, na makaburi madogo yaliongezeka katika mteremko ulio kati ya msikiti na kanisa, ambako dini zote mbili zilikuwa zimeacha kugombea mpaka kwa kukosa nafasi.

Masika ya mwaka ule kaburi moja lilikuwa la mtoto wa Holo, mdogo wake Nyamizi. Mtoto huyo alikuwa ndiyo kwanza ameanza kusema "bibi". Nyamizi aliporudi kutoka makaburini, udongo ungali kwenye kucha, alikata kauli kwamba atapanda na mto mpaka aone uchafu unakotoka, autie kizibo. Hakutaka cheo wala safari ya semina. Alitaka kizibo.

"Mama, mpaka nirudi, kila tone lichemshwe," alisema. "Waambie na majirani."

"Na kuni, mwanangu?"

"Vunjeni hata vitanda."

Bi Kabula alivunja kitanda. Majirani nao wakavunja vyao, maana Nyamizi ndiye mtu pekee wa serikali aliyewahi kuwaitikia salamu, nao walimwamini kuliko walivyomwamini daktari.

*

Waziri wa Maji, Usafi na Shukrani, Mheshimiwa Daktari Gervas Lwambuka, alikuwa na udaktari wa heshima mara tatu, mmoja wao akiwa ametunukiwa kwa kuhudhuria sherehe ya kutunukiwa mwingine. Alimpokea Nyamizi kwa upole, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali alilokuwa amelihifadhi.

"Hawa bakteria, wamesajiliwa?"

"Hapana, Mheshimiwa. Ni vijidudu. Havionekani kwa macho."

"Ndiyo kawaida yao. Wako wangapi?"

"Katika kikombe kimoja cha maji ya Bondeni, mamilioni."

Waziri alishika kichwa. Mkutano wa mwisho wa chama ulikuwa umejaza nusu ya uwanja, pamoja na walioletwa kwa malori na kuahidiwa soda. "Mamilioni," alisema taratibu, "na bila kibali."

"Mheshimiwa, ninachotaka ni ruhusa ya kupima mto kutoka chini hadi juu. Kipimo changu kinaweza kusema kinyesi ni cha mtu au ni cha mnyama."

"Mtu wa chama gani?"

"Tumbo halina chama, Mheshimiwa."

Waziri alimtazama kwa huruma. "Binti yangu, bado hujakaa sana serikalini."

Ruhusa aliipata. Lakini kabla hajajaza hata chupa ya kwanza, redio ilitangaza kwamba chanzo kimepatikana nacho ni bata wa Bondeni. Askari wa kutuliza ghasia waliingia mtaani na ngao, wakawakamata bata wote, pamoja na kanga mmoja aliyekuwa akipita. Mahakamani walisomewa mashtaka ya kuhujumu maji ya taifa. Hakimu aliwauliza kama wanakana, wakanyamaza, na ukimya wao ukaandikwa kuwa ni kukiri. Bata mmoja alipoanza kusema aliambiwa asubiri zamu yake. Walihifadhiwa kituoni kama vielelezo, na Jumapili yake mtaa mzima ulisikia harufu ya vielelezo vikikaangwa kwa vitunguu.

Nyamizi akapima. Alama za bata zilikuwa chache mno, hazikutosha hata kumkera mtu. Zilizojaa zilikuwa za binadamu. Alipompelekea Waziri majibu, Waziri alisikitika kwa ajili ya bata, akasema serikali ni sikivu, na kwa kuwa ni binadamu, basi mtaalamu aendelee kupanda, ila apande kwa adabu.

*

Njia yake haikuwa na uchawi wowote. Ukitaka kujua kama jirani anachafua mto, chota maji juu ya mlango wake, kisha chota chini ya mlango wake. Yakiwa safi juu na machafu chini, umempata. Yakiwa machafu huko juu, mwache jirani, endelea kupanda.

Alipanda. Sokoni alikuta vyoo vinavyovuja, akadhani amefika, lakini juu ya soko maji yalikuwa mabaya zaidi. Soko lilitozwa faini vilevile, kwa kuwa muhuri ulikwisha kutolewa mfukoni. Penye Chuo Kikuu maji yalizidi kunuka, na wasomi, waliposikia kuna mtu anapima, waliitisha kongamano juu ya dhana ya uchafu, ambapo iliafikiwa kwamba uchafu ni suala pana. Penye kambi ya jeshi kamanda alimhakikishia kwamba askari wake hawaendi haja bila amri, na amri haikuwa imetolewa tangu Novemba. Kila mahali Nyamizi alichota juu, akachota chini, akatikisa kichwa, akapanda tena. Viatu vilimwozea miguuni. Usingizini alimsikia mtoto wa Holo akiita bibi, akaamka na kuzipanga chupa zake upya ingawa zilikuwa zimepangika.

Akafika penye Jumba la Fadhila, makao ya Mlezi wa Taifa.

Juu ya Jumba mto ulitoka milimani mweupe, wenye vijidudu vichache vya nyani na ndege, maji ambayo mtu angeweza kumpa mtoto akalala. Chini ya Jumba ulikuwa ule ule wa Bondeni. Kati ya hapo na pale palikuwa na bomba moja, pana kiasi cha ndama kupita, likitoka chini ya Ukumbi wa Shukrani. Ukumbi huo ulipokea wajumbe kila siku kutoka kila wilaya, waje kumshukuru Mlezi, nao walilishwa vizuri. Mtu aliyekula pilau ya shukrani tangu asubuhi hana budi, kabla jua halijazama, kwenda kushukuru na mahali pengine.

Nyamizi alifuata bomba kwa pembeni, akakuta uzio, na ndani ya uzio askari mmoja mwenye bunduki na ufagio.

"Shikamoo, afande. Hapa ni wapi?"

"Marahaba. Hapa hapapo, dada."

"Mbona unapalinda?"

"Ninapalinda pasiwepo."

Jina lake lilikuwa Koplo Ndekeja, na kwa kuwa hakuwa amesemeshwa na mtu kwa muda mrefu, alimkaribisha aone. Lilikuwa shimo la maji machafu, kubwa, la zege, lenye vyumba vya kutosha kumeza haja zote za Ukumbi wa Shukrani mpaka wajukuu wa wajumbe wazeeke. Lilikuwa kavu. Halikuwa na hata jani. Koplo alilifagia kila asubuhi. Kwenye mdomo wake palikuwa na koki kubwa ya chuma iliyopakwa grisi, na juu ya koki, utepe.

"Ukizungusha hiyo koki," alisema Koplo, "mavi yote yanaingia humu. Hata tone haliendi mtoni. Fundi alinionyesha mwenyewe."

"Sasa kwa nini haizungushwi?"

"Halijazinduliwa." Koplo alisema hivyo kwa masikitiko ya mtu anayeeleza msiba wa nyumbani. "Mgeni rasmi wa kwanza alipoambiwa ni shimo la choo, akaugua ghafla. Wa pili alisafiri. Wa tatu alifika hasa, na bendi ikapiga. Akakiona kibao chenye jina lake, kwamba yeye fulani ndiye aliyefungua shimo hili, kitakaa hapo milele na milele juu ya mavi. Alirudi garini hata soda hakunywa."

Nyamizi alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akajikuta analia, kilio cha mtu aliyekuwa akimtafuta muuaji akakuta ni utepe. Alipomaliza aliinuka, akaiendea koki, akaishika kwa mikono miwili. Nyuma yake akasikia bunduki ikikokiwa.

"Dada, nina watoto."

"Na mdogo wangu alikuwa na mtoto."

"Pole. Nakuamini." Koplo hakushusha bunduki. "Toa mikono. Mwenye nguvu mpishe."

Akatoa.

*

Basi alianza kutafuta mgeni rasmi. Alidhani katika nchi iliyojaa watu wakubwa hivyo, hatakosekana mmoja mwenye mkasi. Meya alisema yeye huzindua vitu vilivyo juu ya ardhi tu. Mkuu wa Chuo Kikuu alikubali, kisha akauliza kama shimo linaweza kuitwa kituo cha utafiti, kisha akakataa. Kiongozi wa upinzani, ambaye kwa miaka mingi alilalamika kwamba haalikwi kuzindua chochote, aliambiwa ni nini, akasema huu ni mtego wa serikali. Mpiga zeze maarufu wa harusi alikuwa tayari kwa moyo wote, ila ilibainika kwamba mpiga zeze si mgeni rasmi mpaka azinduliwe.

Mwisho alirudi kwa Waziri na kumwambia yote, bomba, shimo, koki na utepe.

Waziri alifunga dirisha, akafunga pazia, akashusha sauti. "Unajua unaniomba nini? Nikizindua shimo la choo penye Jumba, nimetangaza kwamba ndani ya Jumba kuna choo. Nikitangaza choo, nimetangaza kwamba kinatumika. Watoto wetu wa darasa la tatu wanafundishwa vinginevyo."

"Mheshimiwa, watu wa Bondeni wanakufa."

"Wanakufa wakimheshimu Mlezi wao. Unataka kuwanyang'anya hata hiyo?"

Mvua zikaanza tena. Bondeni maji yalizidi unga: vitanda vilikwisha, milango ikafuata, na watu wakarudi kunywa yalivyo. Siku moja Holo alikuja wizarani, mimba ya miezi mingi mbele yake, akasema mama ameanza kuhara. Nyamizi alikesha kando ya mkeka wa mama yake, akimnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko, akimsafisha, akimwomba asiende. Bi Kabula hakuenda. Lakini aliporejea duniani alirejea na mifupa tu, na Nyamizi alijua mama huyo hana tena akiba ya kuugua mara ya pili.

Akiwa katika hali hiyo, Waziri akamwita. Alikuwa na uso wa sikukuu.

"Baraza limekaa, mtaalamu, na limepata ufumbuzi. Wewe umethibitisha kwamba uchafu unatoka juu ya mto. Juu ya mto kuna Jumba. Jumba haliwezi kutoa uchafu. Kwa hiyo Baraza limegundua kwamba juu siyo juu. Kuanzia Jumatatu Mto Fadhila utatoka baharini kwenda milimani."

"Maji hayapandi mlima, Mheshimiwa."

"Hakuna anayeyaingilia maji. Yaende yanakotaka, hii ni nchi huru. Ni mwelekeo tu wa kisheria. Kinachokosekana ni mtaalamu wa kuliambia taifa redioni, na mtaalamu tunaye mmoja." Akamsogezea chai. "Bondeni watapata bomba."

Nyamizi hakuigusa chai. Alimwona mama yake kwenye mkeka, na tumbo la Holo. Uongo ni sentensi moja, alijiambia, mtu huitema ikaisha, lakini bomba hukaa. Na katika ujanja wote aliobaki nao, akajaribu kumbana Waziri.

"Bomba la maji yaliyochukuliwa juu ya uchafu wote," alisema. "Siyo kando, siyo katikati. Juu kabisa."

"Juu kabisa ya uchafu wote," alisema Waziri, akasimama wima, kiganja kifuani, akaapa kwa jina la nchi.

Jumatatu hiyo Nyamizi alisema redioni. Alisema yeye, Nyamizi binti Kapera wa Bondeni, amepima Mto Fadhila kwa mikono yake, na kwamba mto huo unatoka baharini na kupanda. Bondeni walicheka walipomsikia, kisha wakaacha kucheka, wakasema huyu ni Nyamizi, lazima kuna jambo anatupigania. Ramani zilichorwa upya. Mwalimu mmoja wa jiografia aliyetupa kijiti mtoni mbele ya darasa, na kijiti kikaelekea kubaya, alifungwa pamoja na kijiti. Na kwa kuwa Bondeni sasa ilikuwa juu ya Jumba, ikapatikana na hatia ya kumchafulia Mlezi maji. Watu wa Bondeni waliomba radhi kwa maandamano ya amani, maana mabomba yalikuwa yameanza kushushwa kutoka kwenye malori.

*

Wageni rasmi walikaribia kupigana kwa ajili ya bomba lile. Bomba la maji ni kitu cha heshima, linakubali kibao. Walikuja Meya, Mkuu wa Chuo, hata kiongozi wa upinzani, na Waziri Lwambuka ndiye aliyeshika mkasi. Kivuko kilijaa watu waliovaa vizuri kadiri walivyoweza. Maji yalitoka ya kwanza yakakohoa, yakatoka ya pili yakang'aa, na Bondeni ikapiga vigelegele ambavyo haikuwa imepiga tangu harusi za kabla ya masika.

Nyamizi alikuwa pembeni na fundi mkuu, kijana mchangamfu mwenye kofia mpya. Alikuwa akitazama kuelekea milimani, akilitafuta bomba kwa macho.

"Mmelipitisha wapi? Silioni likishuka."

"Halishuki, mtaalamu. Linakuja kutoka kule." Fundi alinyoosha mkono upande wa bahari, kwenye vinamasi vya chini, ambako mifereji yote ya jiji hukutana baada ya kupita Bondeni.

"Kule ni chini."

"Kule ni juu, mtaalamu." Fundi alicheka kwa adabu, akidhani anapimwa. "Uliagiza mwenyewe, juu kabisa ya uchafu wote. Uchafu chanzo chake Bondeni, basi tukapanda zaidi ya Bondeni. Tulikusikiliza redioni, kikosi kizima. Halafu maji tumeyachuja kwa mchanga mpaka tope lote likabaki. Tazama yanavyong'aa."

Nyamizi aligeuka. Jukwaani Waziri alikuwa akisema kwamba heshima ya kunywa kikombe cha kwanza imwendee mama aliyelizalia taifa mtaalamu huyu. Bi Kabula alikuwa akisaidiwa kupanda ngazi, mikono yake myembamba ikining'inia kwenye mikono ya Holo, na watu wakimpisha wakimwita Mama Nyamizi, Mama Nyamizi.

Nyamizi alikimbia. Alisukuma watu, akapoteza kiatu, akafika jukwaani kikombe kikiwa tayari mkononi mwa mama yake.

"Mama, usinywe! Yachemshe kwanza!"

Umati uliangua kicheko. Mtaalamu anatania. Mtaalamu hataki sifa.

"Mama, nisikilize. Siyo safi. Nilidanganya."

Mpiga ngoma alikuwa ameanza, na vipaza sauti vilikuwa vya wizara. Bi Kabula alisogeza sikio, akashika neno moja tu, la kuchemsha. Alimtazama binti yake kwa mapenzi ambayo Nyamizi hakuweza kuyatazama.

"Niyachemshe? Maji uliyoniletea wewe?"

Akanywa mpaka chini, akafuta mdomo kwa upindo wa khanga, akampa Holo kikombe naye akinge.